Mwenzako akibanwa na mwamba ndani ya mgodi wa makaa: umtoe papo hapo au usubiri?

Zamu_ya_Usiku:

Wakuu, habari za kazi. Naandika utaratibu wa dharura wa mgodi mdogo wa makaa ya mawe upande wa Ileje, na nimekwama kwenye sehemu inayonitia hofu kuliko zote: mtu kaangukiwa na mwamba, mguu umebanwa, yu hai na anaongea.

Mazingira ni haya. Njia kuu inateremka mita 180, kisha vyumba vinatoka kushoto na kulia. Kati ya vyumba tunaacha nguzo za makaa za mita 4 kwa 4. Tabaka la makaa lina unene wa karibu mita 2, juu yake kuna mwamba laini wa tope na juu zaidi jiwe la mchanga. Matimba, yaani magogo ya kushikilia paa, ni ya mikaratusi. Tuna feni moja, kipima gesi kimoja cha gesi nne, na watu 14 kwa zamu. Masika gari linaweza kuchukua saa mbili na zaidi kufika kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji.

Maswali yangu:

1. Wapo wanaosema mtoeni haraka. Wengine wanasema ukimtoa ghafla anakufa mikononi. Kipi ni sahihi?
2. Tukimkuta mtu kalala na hakuna jiwe lililomwangukia, nani aende kumchukua?
3. Vifaa gani vikae chini shimoni muda wote?

Kabari:

Mkuu, kabla ya mguu tazameni juu. Anguko la kwanza huacha kingo zinazoning'inia, na matimba yaliyong'olewa na kifusi ndiyo yaliyokuwa yamezishika kingo hizo. Anayemkimbilia mwenzake anaingia chini ya mwamba ambao haujashikwa na kitu. Kwa hiyo amri ya kwanza kwenye karatasi yako iwe neno moja: "Simameni." Msimamizi ahesabu watu, atume mmoja juu kuita gari na mganga, na mwingine aendelee kuongea na aliyebanwa akiwa mahali salama. Sauti ya mtu anayemjua inamtuliza, na majibu yake yanawaambia kama bado ana fahamu.

Kisha mmoja tu, mwenye uzoefu, apime mwamba kwa mtaimbo. Asimame chini ya timba zima, agonge sehemu iliyo mbele yake, na vidole vya mkono wa pili viguse mwamba pembeni ya anapogonga. Kwa kimo cha mita 2 mkono unafika bila shida. Jiwe lililoshikana hutoa mlio mkali na vidole havisikii kitu. Jiwe lililoachia hutoa mlio wa debe tupu, na vidole vinasikia mtetemo. Vidole viaminiwe kuliko masikio, hasa feni ikiwa inaunguruma. Mtaimbo ushikwe kwa mshazari, usisimame wima, maana kipande kikishuka hufuata chuma hadi mkononi.

Jiwe lililoachia kando ya aliyebanwa liangusheni. Lililoachia juu yake msiliguse kwa mtaimbo, lishikeni kwa timba. Watu wengi hukosea hapa: wanasafisha mwamba kama kawaida ya kila asubuhi, wakisahau kwamba chini kuna mtu asiyeweza kukwepa.

Timba la dharura lina masharti matatu. Unene: kanuni ya zamani ya wachimbaji wa makaa ni inchi moja ya kipenyo kwa kila futi moja ya urefu, yaani timba la mita 1.8 liwe na kipenyo cha sentimita 15 hivi. Kitako: kikae kwenye sakafu ngumu. Ukilisimamisha juu ya makaa yaliyolegea litazama taratibu, na mwamba utashuka nalo. Kichwa: weka kibao, halafu kabari mbili zinazotazamana, zigongwe mpaka timba lilie. Timba lisilokaza halibebi chochote mpaka mwamba ushuke, na mwamba ukishaanza kushuka umeshakatika. Songeni mbele kwa matimba mawili mawili, kila mita moja, mpaka mumfikie.

Mikaratusi mnayotumia ina tatizo moja. Ikikauka vibaya inapasuka kwa urefu kuanzia nchani. Ufa unaofika katikati ya gogo unalifanya kuwa vijiti viwili vyembamba. Hayo yachomeni jikoni, msiyashushe.

Nje ya swali lako kidogo, lakini sitalinyamazia. Hizo nguzo za makaa za mita 4 kwa 4 zilindeni. Kuna mazoea ya kumegamega kingo za nguzo makaa yakipungua usoni, yaani pale yanapochimbwa. Ukimega nusu mita kila upande inabaki mita 3 kwa 3. Eneo limeshuka kutoka mita za mraba 16 hadi 9, na mlima juu yake haujapungua uzito hata kilo moja. Tarehe 21 Januari 1960, pale Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo dhaifu zilianza kupasuka moja ikaisukumia mzigo jirani yake, na wachimbaji 435 wakafukiwa. Ajali nyingi tunazoziita "mwamba umeanguka" zilianza wiki kadhaa nyuma kwenye nguzo iliyomegwa.

Tabibu_Milimani:

Nijibu swali la 1, kwa sababu pande zote mbili zina ukweli na zote zinaweza kuua.

Msuli mkubwa, hasa paja, ukibanwa muda mrefu unaanza kufa. Seli zake zinapasuka na kuacha potasiamu, tindikali na rangi nyekundu ya msuli. Jiwe likiwa bado juu, vitu hivyo vimefungiwa mguuni. Jiwe likiondolewa damu inapita tena na kuvibeba vyote kwa mara moja. Potasiamu inaweza kusimamisha moyo ndani ya dakika chache. Rangi ya msuli inaziba figo, na hilo huonekana baadaye, siku ya kwanza au ya pili. Ndiyo maana mtu aliyekuwa anaongea vizuri na kuomba maji anazimika dakika tano baada ya kutolewa, na wenzake wanabaki wakidhani wamemvuta vibaya.

Hatari hiyo huongezeka kadiri saa zinavyokwenda. Inaweza kuanza baada ya saa 1 kama kilichobanwa ni paja au miguu yote miwili, na ikifika saa 4 ihesabuni kuwa ipo. Kwa hiyo:

Kama hajafikisha saa moja na mwamba wa juu umeshashikwa, mtoeni haraka iwezekanavyo. Kusubiri daktari hapo ni kumtengenezea tatizo ambalo bado hana.

Kama imepita saa moja na mganga anaweza kufika chini, dripu ianze kabla jiwe halijanyanyuliwa. Ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kwa mtu mzima lita 1 kwa saa katika saa mbili za mwanzo, halafu nusu lita kwa saa, mganga akiangalia mapafu na mkojo. Dripu ya Ringer isitumike kwa sababu ina potasiamu ndani yake.

Kama jiwe limekaa kifuani, tumboni, shingoni au kichwani, toeni sasa hivi, iwe dakika ya 5 au saa ya 5. Asiyepumua hasubiri dripu. Vivyo hivyo paa likianza kulia, au gesi ikipanda.

Ili haya yawezekane lazima saa ya kuangukiwa ijulikane. Iandikeni kwa chaki kwenye kofia ya majeruhi mwenyewe: "saa 4:20 asubuhi". Karatasi hupotea kwenye matope, na aliyeshuhudia anaweza kuwa ndiye aliyetumwa juu.

Damu inayoruka au kulowesha chini haingoji chochote. Mkanda wa kuzuia damu wenye upana wa sentimita 4 au 5 ufungwe juu ya jeraha kwa umbali wa sentimita 5 hadi 8, usikae kwenye goti, ukazwe kwa kijiti mpaka damu isimame. Andikeni saa yake pia. Ukishakazwa usilegezwe "kidogo kidogo ili mguu upate damu". Kila mkilegeza mnapoteza damu msiyoweza kuirudisha. Waya na kamba ya katani hukata nyama, msitumie.

Kuhusu kunywa: kama ana fahamu kamili, tumbo halijaumia na mganga yuko mbali, mpeni maji ya kawaida kwa vifundo vidogo. Msimpe ORS wala madafu. Ni vitu vizuri kwa kuhara, ila vyote vina potasiamu, na hapo ndiyo adui.

Akishatoka, angalieni mkojo wa kwanza. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au kola, msuli umeshaingia kwenye figo. Mpigieni daktari kabla gari halijaondoka, mtaje saa alizobanwa na rangi ya mkojo, na muulize wapi atapata huduma ya kusafisha damu. Kwa nyanda hizi rufaa ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kuzunguka vituo viwili vitatu njiani kunamla mgonjwa muda wake.

Hewa_Safi:

Swali la 2. Mtu kalala na hakuna jiwe: hesabuni ni gesi mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na asiende mtu. Najua neno hilo ni gumu kulisoma. Lakini hewa iliyomwangusha yeye ndiyo itakayomwangusha wa pili, na wa tatu atakayemfuata wa pili. Kwenye mashimo ya aina hii mara nyingi waokoaji nao huwa miongoni mwa waliokufa.

Gesi za mgodi wa makaa hazikai mahali pamoja. Methani ni nyepesi, uzito wake ni kama 0.55 ya hewa, kwa hiyo inajikusanya darini na kwenye mashimo yaliyoachwa na maanguko. Kabonidioksaidi ni nzito, mara 1.5 ya hewa, inatuama chini kama maji. Kwenye mgodi wenu unaoteremka itajaa kwanza vyumba vya mwisho huko chini. Aliyesimama anaweza kuwa salama, akiinama kufunga kamba ya kiatu anaishiwa. Kabonimonoksaidi inachanganyika na hewa kila mahali, haina harufu, na huja baada ya moto, mlipuko au baruti. Ikifika sehemu 1,600 kwa milioni, kichwa kinauma ndani ya dakika 20 na mtu anaweza kufa ndani ya saa moja.

Kwa hiyo kipima gesi kisomwe sehemu tatu: kikiwa kwenye fimbo karibu na dari, kifuani, na magotini. Kinasubiriwa mpaka namba zitulie kila sehemu, nusu dakika au zaidi. Kukipitisha huku unatembea hakuna maana.

Someni oksijeni kwanza, halafu methani. Vipima vingi hupima methani kwa kuichoma juu ya kishanga kidogo chenye joto, na kuchoma kunahitaji oksijeni. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 10 kishanga hakichomi vizuri na skrini inaonyesha methani ndogo kuliko iliyopo. Mtu anaona namba nzuri akiwa amesimama kwenye kaburi. Pia dawa za kung'arisha na vilainishi vyenye silikoni vinakiua kishanga hicho kimyakimya, hivyo kifaa kisikae sanduku moja na makopo hayo. Kila zamu kipulizieni gesi ya majaribio kabla ya kushuka.

Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na huwa kali zaidi karibu na 9.5. Msiusogelee hata huo mpaka wa chini. Kanuni za Uingereza zinakata umeme kwenye 1.25 na kutoa watu kwenye 2. Marekani hukata kwenye 1 na kutoa watu kwenye 1.5. Kwa mgodi wenye kipimo kimoja, chukueni hizo ndogo.

Sasa, jinsi ya kumfikia. Pelekeni hewa kwake kabla ya kupeleka watu: refusheni bomba la kitambaa la feni, au vuteni mpira wa kompresa, mpaka mdomo wa bomba uwe mita chache kutoka alipo mgonjwa. Msitumie mtungi wa oksijeni kupuliza chumba, mnalisha moto. Na kama chumba kina methani nyingi, msiwashe feni kwa nguvu zote. Mtausukuma mkupuo wa gesi kwenye njia ya kutokea, kupita kwenye mota na kwa watu. Toeni kwanza wote walio upande ambao hewa chafu inaelekea ikitoka nje, kateni umeme wa upande huo, halafu pulizeni kidogo kidogo mkipima mahali gesi inapochanganyika na hewa safi.

Zamu_ya_Usiku:

Shukrani sana wakuu, hii inazidi nilichotarajia. Hewa_Safi, naomba ufafanuzi. Tukisoma oksijeni 17 na methani 0.4, msimamizi wetu angesema "imepungua asilimia nne tu, ingia haraka utoke". Kosa liko wapi?

Na Kabari, hatuna mashine ya kunyanyulia. Watu wanane hawatoshi kuinua jiwe?

Hewa_Safi:

Kosa liko kwenye hesabu. Hewa safi ina oksijeni 20.9, kwa hiyo zimepotea 3.9. Lakini oksijeni ni moja ya tano tu ya hewa. Gesi ngeni inayoingia inasukuma hewa yote, pamoja na naitrojeni, hivyo kila 1 ya oksijeni inayopotea inaashiria karibu 5 ya gesi ngeni. Hiyo 3.9 ni sawa na asilimia 19 ya hewa ya chumba. Methani umeihesabu ni 0.4. Inabaki zaidi ya 18 ambayo kifaa chenu hakiioni, kwa kuwa kipima cha gesi nne kwa kawaida hakina jicho la kabonidioksaidi. Ni mchanganyiko wa kabonidioksaidi na naitrojeni unaopumuliwa na makaa na magogo yanayooza. Hatua tano mbele, au magotini, oksijeni inaweza kuwa 9, na hapo mtu hapati hata nafasi ya kugeuka. Mpaka wenu uwe 19.5: chini yake hakuna anayeingia bila kifaa cha kupumulia.

Ongezea na hili kwenye karatasi yako. Chumba kilichopimwa asubuhi kipimwe tena mchana. Shinikizo la hewa ya angani hushuka mara mbili kwa siku, karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na likishuka sehemu za zamani zilizoachwa zinatema gesi yake kwenye njia zenu. Zamu yenu ya usiku inafikia pale hasa watu wakiwa wamechoka.

Na vipumulio vya kujiokolea: vipo vya kuchuja, ambavyo vinazuia kabonimonoksaidi tu na havisaidii chochote oksijeni ikiwa haitoshi, na vipo vinavyotengeneza oksijeni, vingi vya dakika 30 hadi 60. Vyote viwili hutoa hewa ya moto vikifanya kazi. Wafundisheni watu kwamba joto lile ni dalili ya uzima. Kuna waliovivua kwa kudhani vimeharibika. Na gesi hukaa hata baada ya mlipuko: Hwange, Zimbabwe ya leo, mlipuko wa tarehe 6 Juni 1972 uliua watu 427, na miili mingi iliachwa humo humo kwa sababu ya gesi iliyobaki.

Kabari:

Watu wanane wasijaribu. Bamba la jiwe la mchanga lenye urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 30 ni karibu tani 1.1. Hata wakiliinua, mmoja akiteleza linamrudia majeruhi, na pigo la pili ndilo linalovunja kilichokuwa kimepona.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuliinua lote. Ukinyanyua ukingo mmoja, ule wa pili ukiwa bado umekaa sakafuni, unabeba nusu: kilo 550. Mtaimbo wa mita 1.8, ukiwekewa kigogo cha kuegemea sentimita 15 kutoka ncha, unazidisha nguvu mara 11. Mtu mmoja akikandamiza kwa kilo 50 amefika kilo 550. Tumieni mitaimbo miwili, au jeki ya haidroliki ya tani 10 kama ipo, ikiwa juu ya kipande cha ubao mpana ili isizame.

Kazi yenyewe ni ya vipande vidogo. Mnanyanyua sentimita moja, mtu wa pili anasukuma kabari, mnapumzika. Sentimita nyingine, kabari nyingine. Zikifika unene wa gogo, ingizeni gogo. Magogo yapangwe mawili mawili kwa kupishana kama kichanja, kila moja sentimita 10 kwa 10 na urefu wa 60, pande zote mbili za mguu. Mkono usiingie chini ya jiwe, kabari zisukumwe kwa fimbo. Mmoja tu ndiye anayesema "nyanyua" na "acha". Nafasi ya sentimita 5 mara nyingi inatosha kuutoa mguu, kwa hiyo msiendelee kunyanyua kwa ari tu.

Kama kifusi ni vipande vidogo, chimbeni sakafu chini ya mguu kama ni laini. Mara nyingi ni rahisi kuliko kuondoa cha juu.

Tabibu_Milimani:

Nami nakazia hapo pa mwisho: akishatoka msimnyooshe mguu. Ufungeni kama ulivyo, na ubao pembeni. Akiwa ameangukiwa mgongoni, ageuzwe na watu wanne kwa pamoja, mmoja kashika kichwa na yeye ndiye anayehesabu. Na mfunikeni. Mtu aliyelowa akitolewa kwenye joto la shimoni mpaka kwenye upepo wa mlimani anapoa haraka, na damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri. Blanketi moja liwe chini yake, maana machela yenyewe inamnyonya joto.

Asipandishwe kwenye toroli la makaa juu ya mzigo. Liwe tupu, machela ifungwe, mwendeshaji wa winchi aambiwe kwa kengele kwamba kuna mtu, na asiwepo yeyote chini yake kwenye mteremko kamba ikiwa inavuta.

Kabari:

Swali la 3 halikujibiwa. Sanduku likae mita 50 hivi nyuma ya uso wa kazi, upande wa hewa safi, chini ya paa mlilolithibitisha. Likikaa usoni litafukiwa pamoja na mtu, na likikaa juu ofisini ni mita 180 za kupanda. Ndani au pembeni yake: mitaimbo miwili ya mita 1.8, jeki, matimba sita yaliyokatwa kwa kimo cha chumba, vibao, kabari 30, magogo 16 ya kichanja, msumeno, nyundo, machela, blanketi mbili, mikanda miwili ya damu, bandeji pana, chaki, na chupa sita za dripu ya chumvi za nusu lita zikimngoja mganga. Dripu zikaguliwe tarehe kila mwezi. Kabari zihesabiwe kila zamu, kwa sababu ndizo zinazoazimwa na hazirudishwi.

Ajali yoyote, hata isiyoua, iandikwe kwenye kitabu cha zamu siku hiyo hiyo na ifike kwa Afisa Madini Mkazi, OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwenye mguu uliobanwa anaweza kuumwa figo baadaye, na asiyeandikwa atashindwa kuthibitisha yalianzia wapi.

Zamu_ya_Usiku:

Ndaga fijo, wakuu wote watatu. Kesho asubuhi naanza na kuzipima nguzo kwa futi, moja moja, nione ni ngapi bado zina mita 4.